Salamu ya Kwenda Vitani

Katika redio yetu hapa Ifakara, kipindi kinachosikilizwa kuliko taarifa ya habari ni salamu za alasiri. Inaniuma kusema hivyo kwa sababu mimi ndiye mtu wa habari, lakini ndivyo ilivyo. Unaweza kusoma habari ya daraja kukatika na mtu akaendelea kupepeta mchele wake bila hata kuinua kichwa. Ngoja mtangazaji wa salamu aseme "zimfikie bibi yake kule Mang'ula, jirani na stesheni," uone watu wanavyonyamazishana.

Salamu zetu zina utaratibu wake, ingawa hakuna aliyewahi kukaa chini akaupanga. Wagonjwa husalimiwa kwanza, wanafuata walio safarini, halafu ndiyo sisi wengine. Marehemu hasalimiwi. Kabla ya kipindi mtangazaji hupitia majina na kutuuliza pale ofisini, huyu yupo, huyu yupo? Akisikia mtu kafariki, salamu yake anaiweka pembeni kimya kimya. Sababu ni kwamba tuliwahi kumsalimia mzee mmoja wa Lipangalala wakati jeneza lake limo sebuleni, na wanawe wakaja kutugongea mlango kwa hasira. Tangu hapo watu wa bonde hili wanajua kwamba kama umewahisha salamu yako na haikusomwa, kaulize nyumbani kwa uliyemtumia. Nilikuwa nayajua haya yote, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Vijana wetu wengi wako jeshini. Mwaka ule baadhi yao walikuwa nchi jirani, ng'ambo ya ziwa, wamepelekwa kulinda amani mahali ambapo amani yenyewe haikuwepo. Mapigano yalipopamba moto, simu za watu zikajaa picha ambazo binadamu hapaswi kuziangalia akiwa anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina Morogoro, tumefundishwa uandishi wa wakati wa vita, nimerudi na cheti. Basi nikawa moto wa kuotea mbali pale ofisini. Usionyeshe sura ya marehemu! Usitaje jina kabla familia haijaambiwa! Usiseme kikosi kiko wapi! Kijana wetu wa habari za michezo akaanza kuniita Mama Maadili. Nilijifanya nimekasirika, ila moyoni nililipenda lile jina.

Asubuhi moja mwandishi mwenzangu aliyeko mpakani, tuliyekaa naye meza moja kule semina, alinitumia ujumbe. Mmoja wa askari waliouawa ni wa huko kwenu, aliandika, kijiji cha Michenga. Akanitajia jina. Alikuwa amezungumza na askari wa kikosi cha marehemu, wala hakukuwa na shaka. Jeshi lilikuwa bado halijatoa taarifa yoyote.

Jina nililijua. Alikuwa msikilizaji wetu. Kabla hajapelekwa huko alikuwa akimtumia mama yake salamu mara kwa mara, na siku zote alimalizia kwa kumwambia asibebe ndoo nzito za maji. Mama mwenyewe ni mjane, mkulima wa mpunga, na huyo ndiye alikuwa mwanawe wa pekee.

Mtu mwenye utu angeiweka simu chini akamwombea yule mama. Mimi niliwaza kipindi. Nilikuwa nikituma habari ndogo ndogo kwa kituo kimoja kikubwa cha Dar es Salaam, na nilikuwa na hamu kubwa waniajiri, nitoke kwenye bei za mpunga na ng'ombe walioingia mashambani. Nikampigia mtayarishaji wao wa vipindi. Sikumtajia jina la marehemu, jamani, maadili! Nilimwambia tu kwamba naweza kupata sauti ya mama wa askari aliyeko vitani, mama mwenye matumaini, na kwamba baada ya siku chache sauti hiyo itakuwa na uzito mwingine. Yule bwana alinielewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Isirushwe popote kwanza," akasema. "Ije kwetu mbichi."

Nikamwambia haina shida.

Bosi wangu ni mwalimu mstaafu, mpole, ila akikuuliza swali unajisikia uko darasa la tatu. Nilimwambia kuhusu ule ujumbe wa mpakani, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hatutangazi msiba ambao hatujapewa," akasema. Nikamjibu kwamba hata mimi nakubaliana naye kabisa. Kisha nikamwambia naomba nikarekodi familia za askari, wanaishije, wanasubirije. Akanitazama. "Michenga?" Nikasema naanza na Michenga kwa sababu ni karibu. Nadhani hakuniamini, lakini alikuwa ananiheshimu, na heshima ya mtu inaweza kukuponza wewe uliyepewa.

Nilikwenda kwa bodaboda. Mvua zilikuwa zinaishia na mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, kwa hiyo mama nilimkuta shambani anaamia ndege. Wale kwelea kwelea wanashuka kama wametumwa, ukizubaa kidogo huvuni kitu. Alikuwa amesimama kwenye tuta, kopo la mawe mkononi, amejifunga kanga kiunoni, redio ndogo inaning'inia kwenye mti wa kibanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hoo! Hooo! Tokeni hapo, mashetani nyie! Karibu, mwanangu, si wewe niliyekwambia mashetani."

Tukacheka. Ndiyo, nilicheka. Nilicheka na mwanamke ambaye mwanawe amelala kwenye jokofu la hospitali ya ugenini, na mimi najua, na yeye hajui. Nilipojitambulisha akaishika mikono yangu yote miwili. Sauti yako naijua, akasema, wewe ndiye wa habari, unasoma kama mtu anayekimbizwa. Akanipa kigoda, yeye akabaki amesimama kwa ajili ya ndege.

Nikawasha rikoda. Alizungumza vizuri mno, na kila alipozungumza vizuri zaidi nilifurahi, halafu nikajichukia kwa kufurahi, halafu nikauliza swali jingine. Alisema mwanawe akirudi watajenga upya nyumba, waweke bati, kwa sababu nyasi zimechakaa na panya wanamdondokea usiku. Alisema ana mchumba anayemfikiria kwa ajili yake, binti wa kwaya pale kigangoni, ila kijana mwenyewe hataki kuchaguliwa. "Anasema, mama, siku hizi mtu anajichagulia. Haya, nikamwambia, jichagulie, lakini asiwe mvivu." Katikati ya maneno anakatisha, "Hoo! Hooo!" na kopo linalia. Moyoni nikasema, hii sauti ya ndege itapendeza sana redioni. Mungu wangu, niliwaza hivyo kweli.

Mwishoni nikamuuliza swali nililokuwa nimelitayarisha tangu mjini. "Mama, kama angekuwa anakusikia sasa hivi, ungependa kumwambia nini?"

Yeye hakulichukua kama swali la mwandishi. Aliweka kopo chini, akaisogelea rikoda, akasafisha koo, akatuma salamu kama zinavyotumwa. "Salamu hizi zimfikie mwanangu mpendwa huko aliko kazini. Mimi mama yako ni mzima, mpunga umekubali mwaka huu, ng'ombe wa watu hawajaingia. Ule vizuri. Usiwe wa kwanza kila mahali, na wengine nao watangulie. Ujumbe, nakusubiri."

Kisha akainua uso. "Mtaisoma lini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli wa aina fulani. Ningesema, mama, hii ni kwa ajili ya kipindi kingine, salamu zako sitaweza kuziahidi. Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Kesho, mama. Kaa karibu na redio."

Alinipa mahindi mabichi ya kwenda nayo. Nikayapokea.

Kesho yake, mchana, akaja ofisini mwanamume mmoja aliyevaa shati la kazini, macho mekundu. Alikuwa baba mdogo wa marehemu, anayeishi hapa mjini Lipangalala. Namba yake ya simu ndiyo aliyoandikisha kijana jeshini, kwa hiyo maofisa walikuwa wamekuja kwake siku mbili kabla. Yaani wakati mimi niko Michenga nimejibebesha siri yangu kama mtu muhimu, ukoo mzima ulikuwa tayari unajua, isipokuwa mama. Kwao mama mwenye msiba wa mtoto haambiwi na upande wa mume. Anaambiwa na kaka zake, wamekaa kushoto na kulia, ili akianguka aangukie mikono ya nyumbani kwao. Na kaka zake walikuwa wanatoka vijiji vya Mahenge, barabara ya milimani imeteleza, gari lao limekwama njiani.

"Shemeji yangu amemwambia kila mtu kijijini kwamba leo salamu yake inasomwa," akasema. "Ninawaomba muisome. Kama kawaida tu. Wajomba wakifika jioni, tutamwambia."

Bosi alisema kwamba nusu ya mji wameshaziona zile picha kwenye simu na wengine wamemtambua kijana, na redio ikimsalimia marehemu kwa sauti ya mama yake, watu watalia barabarani, na mmoja atapiga simu hewani kutoa pole, na mama atayapata kwa mdomo wa mlevi. Lakini alisema pia kwamba hana uhakika. Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Unasemaje?"

Kichwani mwangu hapakuwa na ndege, wala mama, wala wajomba waliokwama kwenye tope. Palikuwa na lile neno la Dar es Salaam, ije kwetu mbichi. Ikisomwa hapa leo, kesho haina thamani. Nikavaa uso wa semina.

"Maadili hayaruhusu," nikasema. "Hatuwezi kurusha kitu ambacho tunajua si cha kweli."

Maneno yenyewe hayana kosa. Uyaweke kwenye mtihani utapata alama zote. Bosi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo na akasema basi, umesema vizuri, tuiache.

"Sasa mimi nikamwambie nini shemeji?" baba mdogo akauliza.

"Mwambie mitambo imeharibika."

Alinitazama, loh, sijui nisemeje. "Dada yangu, redio inaunguruma kijiji kizima. Mitambo gani itakayoharibika kwa salamu moja?"

Kulikuwa na njia nyingine, na wala haikuhitaji cheti. Ningechukua bodaboda nikakae naye. Ningesema kosa ni langu, mama, nimeisahau mjini, salamu yako iko salama, nisamehe. Angenifokea, angenipa tena mahindi, na jua lingezama na kaka zake wangefika. Niliwaza hilo, siwezi kusema sikuliwaza. Nikajiambia nina taarifa ya saa kumi na mbili ya kuandaa.

Kipindi kilipoanza nilikuwa chumba cha pili. Kioo kinatutenganisha na studio lakini spika iko wazi. Wakasalimiwa wagonjwa. Akasalimiwa dereva aliyekuwa njiani kuelekea Mikumi. Likaja kundi zima la wauza samaki, ambao husalimiana wao kwa wao ingawa wanakaa soko moja. Kila mtangazaji alipovuta pumzi nilimtazama kupitia kioo, kana kwamba anaweza kukosea akaisoma. Hakukosea. Muziki wa kufungia ukapigwa.

Yaliyotokea Michenga nilisimuliwa na baba mdogo, maana yeye alipotoka kwetu alikwenda moja kwa moja kule, akawahi. Alimkuta mama amekaa kwenye mkeka na majirani, redio katikati, ameshaoga, amevaa kanga ya doti mpya kama mtu anayekwenda kanisani. Salamu zilivyokuwa zinasonga, majirani walikuwa wanasema bado, bado, yako inakuja. Baba mdogo akajaribu kusema pengine wameipanga kesho. Muziki wa kufungia ulipoanza mama alinyoosha mkono akaizima redio mwenyewe. Kisha akamuuliza shemeji yake neno moja.

"Lini?"

Yule mwanamume aliniambia kwamba angeweza kudanganya mtu mwingine yeyote duniani, lakini si kwa swali hilo. Akamwambia. Mama akaanguka, na mahali walipopaswa kukaa kaka zake palikuwa na redio na mkeka. Kaka zake walifika giza likiingia, wakamkuta amelazwa ndani, sauti imemkauka, na mkubwa wao alipiga ngumi ukuta wa udongo mpaka ukamong'onyoka.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa utaratibu. Jeshi likatoa taarifa na majina, mwili ukaletwa kwa heshima zote, akazikwa Michenga, padre akasema misa nzuri, bunduki zikalia na ndege wote wakaruka kutoka kwenye mpunga. Kwenye kikao cha ofisi bosi alinisifu mbele ya wote. Alisema katika mazingira magumu nilikuwa na msimamo. Watu wakapiga makofi. Mama Maadili! Nilisimama nikasema asante.

Na jioni ile taarifa ya jeshi ilipotoka, nilikuwa nimeituma sauti Dar es Salaam. Jina lilikuwa limeshatajwa rasmi, familia imeshaambiwa, sheria zote nilizofundishwa zilikuwa zimetimia. Sikumuuliza mama. Nilijiambia mtu aliye kwenye msiba hasumbuliwi kwa mambo ya kazi. Nilijiambia pia kwamba kwenye nyumba yenye matanga redio hazifunguliwi, kwa hiyo hataisikia kamwe. Ona mtu anavyoitumia akili yake!

Nilikwenda kutoa pole siku chache baada ya mazishi, na mchele na sukari, kama wengine. Niliingia ndani walimokaa wanawake. Aliponiona akapiga piga mkeka ubavuni pake, wanawake wakanisogezea nafasi.

"Pole, mama."

"Asante, mwanangu. Kaa hapa." Sauti yake ilikuwa imechakaa, ungeweza kudhani ni mwanamke mwingine. Akanishika mkono, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye aliyeniambia. Wote mlikuwa mnaniogopa. Mlinipikia, mlinitekea maji, mkanichekea, na mlikuwa mnajua. Shemeji alijua. Huyu mtoto wa watu peke yake ndiye alikataa kunidanganya. Aliiweka salamu yangu pembeni ili nijue."

Wale wanawake wakanitazama kwa macho ya shukrani. Mmoja akasema Mungu akubariki. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, hapana mama, si hivyo, na ilikuwa fupi, ningeweza kuisema kwa pumzi moja. Niliimeza. Nikasema, "Asante, mama." Yeye akanibana mkono zaidi.

Tulikuwa tumekaa hivyo hivyo alipoingia binti wa kaka yake mama, amefika kutoka Dar es Salaam asubuhi ile, bado ana vumbi la safari miguuni. Hakuwa na ubaya wowote. Alipiga magoti mbele ya mama, akalia kidogo, kisha akatoa simu. "Shangazi, huko mjini nchi nzima inalia na wewe. Sauti yako imezunguka kila mahali. Sikiliza." Akabonyeza.

Walikuwa wameweka kinanda chini yake. Kikatangulia polepole, kisha ikaja "Hoo! Hooo!" na mlio wa kopo, na wanawake wawili wakashtuka kwa sababu sauti ile ya mama, ile nzima, hawakuwa wameisikia tangu msiba. Kisha sauti yangu, laini, niliyoitayarisha: kama angekuwa anakusikia sasa hivi, ungependa kumwambia nini? Kisha salamu. Yote, mpaka ule ujumbe wa mwisho. Kisha mwanamume wa Dar es Salaam akasema kwa sauti nzito kwamba hiyo ilirekodiwa na mwandishi wao wa Ifakara, siku ambayo mama huyo alikuwa bado hajui.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningeshukuru kama wangepiga. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama anavyosikiliza mtu anayejaribu kuitambua sauti ya mgeni mlangoni. Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. Aliutoa, taratibu, akauweka mapajani mwake.

"Siku hiyo," akasema. "Kumbe ulikuwa unajua."

Nikaitazama ile simu.

"Na hukuiweka pembeni. Ulikuwa unaitunzia wengine."

Binti wa Dar es Salaam alikuwa ananitazama mimi, anamtazama shangazi yake, simu bado iko mkononi, haelewi amefanya nini. Mama akageukia upande wa jikoni, akawaambia waliokuwa wanapika, kwa ile sauti yake iliyobaki:

"Leteni maji, mgeni anawe. Chakula kikiiva aanze yeye, ana safari."

Wakaniletea beseni. Nikanawa. Wakanipakulia wali, nikala mbele yao wote, na hakuna aliyenisemesha.